Mke na Watoto Wanne wa Mashini

Niliwahi kupata mke na watoto wanne bila posa wala mahari, na mshenga wangu alikuwa mashini.

Nilifanya kazi katika chumba cha kompyuta cha kampuni moja ya shaba, Lubumbashi. Tulikuwa na majedwali mawili yasiyojuana: moja la wafanyakazi, jingine la poso, unga ambao familia ziligawiwa kila mwezi. Wakubwa wakaleta programu ya kupendekeza yenyewe mahali pa kuyaunganisha. Ikalinganisha safu kwa safu, ikaona nambari za nyumba ndizo zinazokubaliana zaidi, ikapendekeza hapo. Tukapiga makofi, wajinga sisi.

Hakuna aliyefikiria kwamba watu huhama. Nyumba niliyopewa ilikuwa ya fundi aliyehamishiwa Kipushi, na kwenye jedwali la poso mkewe alikuwa bado anaishi humo. Mimi kapera, niliyetoka Kasai peke yangu, nikaunganishwa naye.

Siku ya poso mtunza ghala akanisukumia magunia mawili, akaniita sitwayen, mwananchi, kama tulivyoitana wote enzi zile.

"Sitwayen, ni ya bibi na batoto yako. Batoto bane!"

"Mimi niko na bibi?"

"Mashini ndiyo inasema."

Nilicheka njia nzima. Nyumbani nikayaweka magunia sebuleni, na kicheko kikaisha. Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na alama za penseli za urefu wa watoto, ambazo sikuwahi kuzifunika kwa rangi. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, na jioni ile niliwapangia wale watoto kichwani mwangu mahali pa kulala.

Lakini walikuwa Kipushi, hawana unga, maana poso yao ilikuwa sebuleni kwangu. Jumapili nikapanda lori na magunia yangu. Mama yao alikuwa ameanza kuomba kwa majirani. Akasonga bukari, ugali wa huko, tukala na samaki, watoto wakigombania kukaa karibu na mgeni. Mdogo wao akaniuliza kama alama yake bado iko mlangoni. Nikamwambia iko. Baba yao akanisindikiza hadi barabarani.

Jumatatu nikasahihisha jedwali mwenyewe.

Mwezi uliofuata mtunza ghala alinipa kifuko cha mtu mmoja, akakitazama, akanitazama.

"Bibi na batoto beko wapi, sitwayen?"

"Balirudia kwa baba yabo."

Akanipa pole. Nami nikaipokea.