Kompyuta Mbili na Spika za Mlangoni

Nilifika Shauri Moyo, mtaa wa Nairobi, nikitokea mtaa wa Tassia, ambako nilikuwa nikivuta nyaya za intaneti kwenye magorofa ya kupanga mpaka nikachoka na ngazi. Mimi huchoka upesi. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo nimekaa mahali pengi, kila pahali muda wa kutosha kujua kitu fulani kinavyofanya kazi, kisha nikabeba begi. Shauri Moyo nilikawia kwa sababu ya meza moja.

Meza hiyo ilikuwa ndani ya duka la mabati, nami niliingia pale kutoa kopi ya kitambulisho. Watu wawili walikuwa wamelipanga kwa pamoja. Mmoja alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Shule yake ilikuwa imefungwa, na sasa alichapa ratiba za harusi na mazishi. Mwingine alikuwa kijana wa kupiga video za harusi. Kila mmoja alikuwa na kompyuta yake na skrini yake, na kila mmoja aliitamani skrini ya mwenzake.

"Ticha, wewe unaandika herufi tu," mpiga video alikuwa akisema. "Skrini mbili za nini?"

"Na wewe unaangalia watu wakikata keki. Keki moja inajaza skrini mbili?"

Wakati kopi yangu inatoka, nilichungulia nyuma ya skrini zao. Kila skrini ilikuwa na matundu mawili ya waya, na moja lilikuwa tupu, limejaa vumbi. Nikawauliza kama wanajua kwamba skrini moja inaweza kushikwa na kompyuta mbili kwa wakati mmoja. Wakaniangalia kama mtu anayeuza dawa ya meno stendi.

Kesho yake nilirudi na nyaya mbili kutoka soko la Gikomba. Nikaunganisha kila kompyuta na skrini zote mbili. Chini ya kila skrini kulikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, harusi inaondoka na barua inakuja. Mwalimu alikibonyeza mara nyingi sana, akicheka kama mtu anayefungua na kufunga taa ya nyumba mpya. Wakakubaliana: mpaka saa sita skrini zote ni za mwalimu, baada ya hapo ni za mpiga video. Aliyebaki bila skrini anakata karatasi au anaenda kutafuta wateja. Nikapewa kiti pembeni, nikawa mtu wa pale.

Spika ndizo zilizokuwa na mambo. Zilining'inia nje, juu ya mlango, zikitazama barabara. Mpiga video alizitundika huko makusudi. Akihariri harusi, alivaa hedfoni kubwa zinazofunika masikio, lakini sauti ileile ilitoka nje pia, kwa kuwa barabara ndiyo iliyokuwa ikimkagua. Mafundi viatu, wapita njia na akina mama wa mboga walisikiliza harusi za watu wasiowajua, wakapiga kelele: "Rudisha hapo! Pasta amemezwa na upepo!" Naye alirudisha. Alisema hakuna fundi wa sauti anayeweza kuwashinda watu wa Shauri Moyo kwa udaku.

Mwalimu naye alitaka spika, kwa hiyo nikaingiza kompyuta yake kwenye amplifaya ileile iliyopeleka sauti kwenye spika. Zamu ya skrini ilikuwa na kitufe. Sauti haikuwa na kitufe. Kompyuta yoyote iliyolia, ilisikika barabarani.

Sasa, mwalimu hakuwa ameacha kuwa mwalimu. Alikuwa ameomba kazi ya kufundisha Kiswahili kwa njia ya video, wanafunzi wakiwa nchi za mbali. Mara mbili alikuwa amefika kwenye usaili na mara mbili wakamwambia masomo yake yamepoa. Alituambia hivyo huku akipanga karatasi, bila kututazama. "Nikikosa hii ya tatu," alisema, "nitakubali kwamba mimi ni mchapaji."

Siku ya usaili alipewa kila kitu: skrini zote mbili ingawa ilikuwa mchana, na kompyuta ya mpiga video kwa sababu ndiyo yenye kamera. Mpiga video akaenda zake mtaa wa Kaloleni kupima mwanga wa ukumbi wa harusi. Mwalimu akavaa hedfoni, akafunga mlango ili apate utulivu. Mimi nikakaa nje kwenye benchi la jirani, mama anayeuza mahamri na mbaazi, mtu wa Pwani ambaye Nairobi haijamharakisha hata kidogo.

Nilikuwa na hamri mdomoni wakati spika zilipoamka juu ya vichwa vyetu.

"Hujambo, mwalimu," ikasema sauti ya mwanamume, taratibu, Kiswahili cha mtu aliyejifunza ukubwani. "Leo mimi ni mwanafunzi. Nifundishe kununua chakula cha asubuhi."

Barabara ikatega sikio. Fundi viatu akaweka nyundo chini. Nilielewa mara moja: hedfoni za ile kompyuta hazifungi spika, na mwalimu, masikio yakiwa yamefunikwa na mlango umefungwa, hakuwa na habari. Nikawaza kuchomoa waya. Lakini waya upi, nisije nikakata na usaili wenyewe?

"Nataka mahamri," ikasema sauti. Kimya kidogo, bila shaka mwalimu alikuwa akimjibu huko ndani. "Nataka mahamri manne." Kimya tena. "Tafadhali. Nataka mahamri manne, tafadhali."

"Sijakataa, baba!" mama akaitikia, tayari anafunga manne kwenye gazeti.

"Mama, huyo si mteja," nikamwambia.

"Mtu kaomba mara tatu, na tafadhali katia, si mteja?"

"Yuko ndani ya kompyuta."

"Hata aliye ndani ya kompyuta hula."

Akainuka, akasukuma mlango. Nikamfuata, na nyuma yangu wakaja wengine kama wanne, wote wakijidai wanamzuia mama.

Mwalimu aligeuka. Kwenye skrini moja kulikuwa na somo lake, limeandikwa vizuri kwa rangi mbili. Kwenye nyingine alikuwepo mzee mwenye miwani, mdomo wazi. Mama akainama mbele ya kamera.

"Ni wewe uliyeagiza? Uko wapi?"

"Niko... niko mbali, mama," mzee akasema, na sauti yake ikarudi kutoka barabarani.

"Mbali kiasi gani? Nikufungie karatasi mbili?"

Mwalimu akasikia mwangwi. Akavua hedfoni sikio moja, akatazama juu mlangoni, akanitazama mimi. Niliona mkono wake ukienda kwenye kipanya, nikajua anaweza kukata simu, aombe radhi, na mambo yaishie hapo. Mkono ukasimama. Akanyoosha mgongo. Sijawahi kumwona darasani, lakini nadhani hivyo ndivyo watoto walivyomwona kila asubuhi.

"Mama, huyu ni mwanafunzi wangu," akasema. "Ndiyo kwanza anajifunza. Muulize anataka ya namna gani."

"Ya moto au ya asubuhi?" mama akauliza.

Mzee akababaika. "Ya... moto?"

"Na mbaazi?"

"Mbaazi ni nini?"

"Ewe Mola! Hajui mbaazi!" Fundi viatu akapenyeza kichwa kumweleza, na mwanamke wa mboga akampinga fundi viatu kuhusu nazi. Wote walisema kwa pamoja. Mwalimu akainua kidole. Wakanyamaza. Kweli, wakanyamaza! Akampa kila mmoja sentensi yake, akamfanya mzee aulize, ajibu, akosee, arudie. Mzee aliacha kuigiza mwanafunzi. Sasa alikuwa anatafuta maneno kwa jasho, na alipofanikiwa kuagiza mbaazi na chai ya tangawizi bila kukwama, barabara nzima ilimpigia makofi.

Akavua miwani, akaifuta.

"Mwalimu, hawa watu umewapanga?"

"Hapana," mwalimu akasema. "Sauti ilitoka nje bila mimi kujua. Walikuja wenyewe."

Tukangoja. Nilisikia mafuta ya mama yakichemka peke yake huko nje.

"Nilikuwa na maswali mengine hapa," mzee akasema, "lakini sioni kazi yake. Unaweza kuanza Jumatatu?"

"Anaweza!" ikajibu barabara, kabla mwalimu hajavuta pumzi. Mama akapiga kigelegele palepale sikioni pangu.

"Ningependa kumsikia mwalimu mwenyewe," mzee akasema, akicheka.

Mwalimu akacheka, akafuta machozi. "Naweza," akasema. "Hata leo."

"Na haya manne?" mama akauliza, gazeti bado mkononi. "Yanapoa."

"Mpe mwalimu," ikasema sauti ya mzee kutoka barabarani.

Mwalimu akayala kwa mbaazi za mama mbele ya kamera, la kwanza hadi la nne, huku akimweleza mzee neno la kila anachokifanya: ninamega, ninachovya, ninatafuna.