Ndiga Alizokula Mwalimu

Mwezi uliopita nilipanda Newala kwenye msiba, na sokoni nikakuta ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ya kula na chumvi na pilipili. Mkwe wangu, mgeni wa huku, akauliza kama hiyo ndiyo ndiga tuliyokuwa tukila zamani. Nilimjibu harakaharaka kwamba kwetu haikuliwa.

Tulikula, rafiki yangu. Mwaka ule mvua zilipokatika, bibi aliteremka porini na jembe, akarudi na ndiga, vile viazi vya porini vyenye sumu ya kuvuruga mishipa ya fahamu. Ndiga humenywa, hukatwa vipande na kulowekwa siku kadhaa, maji yakimwagwa na kubadilishwa, ndipo huanikwa na kutwangwa. Kwao bibi, Lukuledi, waliziacha mtoni zioshwe na maji yanayopita. Kwetu juu mlimani, maji yalipandishwa kichwani kutoka bondeni, na nani angekuwa na moyo wa kuyamwaga? Bibi alirudishia yaleyale.

Mwalimu wangu alikuja kuuliza kwa nini siendi shule, akatukuta ugali ukiiva. Mgeni haondoki na njaa. Bibi alimpakulia sehemu kubwa kuliko yetu sote, na kisamvu juu, akasema ni muhogo.

Hata hajaaga, midomo ilimfa ganzi. Ulimi ukawa mzito, akasimama akiyumba kama mlevi, akaanguka huku mikono na miguu ikimkakamaa. Sisi tuliopata vitonge tulitapika tu. Majirani walimbeba hadi zahanati, na mganga akauliza mbele ya watu wote, "Bibi, amekula nini?"

Bibi alitazama chini. Angesema muhogo, mwalimu angeweza kufa.

"Ndiga, baba," alisema. "Sikuwa na kingine."

Mwalimu alipona. Kinachoniuma ni siku aliyorudi kutusalimu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu chakula."

Akafungua mkoba, akatoa unga wa mahindi. "Nimekuja na wangu, bibi, usihangaike."

Alisema kwa wema kabisa. Bibi aliusonga ule unga, akampakulia, kisha akajificha jikoni mpaka mwalimu alipoondoka.

Siku hizi vijana hawaijui ndiga hata kwa sura. Bibi naye hayupo. Tangu siku ile sikumsikia tena akimwambia mtu karibu chakula. Wakati wa kula ukifika, alifunga mlango.