Kikopo cha Baba

Nilijaza kikopo cha baba kwa choo changu mwenyewe. Upumbavu huo sina wa kumsingizia.

Daktari alikuwa amemwambia baba kwamba kitambi kile, pamoja na sukari iliyopanda, vinamwongezea hatari ya saratani ya utumbo mpana, hivyo akampa kikopo alete choo kipimwe kama kina damu isiyoonekana kwa macho. Baba akachukia. "Mzee wa kanisa mzima nibebe mavi kwenye mfuko?" Kikopo kikakaa bafuni wiki nzima, kitupu. Mama, akidhani baba ameshakijaza, aliponituma nikipeleke hospitali, nikakijaza kwa utani, nikapeleka.

Majibu yakaja: hakuna damu. Baba, ambaye hata kifuniko hakuwahi kukigusa, hakuuliza hicho choo kilitoka wapi. Jumapili akaita wenzake watatu, nyama ikatoka soko la Ngaramtoni, wakakaa sebuleni wakipigapiga matumbo yao kama watu waliohitimu chuo.

"Shemeji," mmoja akamwambia mama, "kitambi cha mumeo ni afya tupu! Daktari mwenyewe kakubali."

"Mwili haujengwi kwa mchicha," baba akaongeza, huku akivuta ubavu mwingine. Na alijua kwamba choo kile hakikuwa chake! Hapo kicheko kikanitoka hadi soda ikapita puani.

Mama akanivuta jikoni. Nikasema yote, nikisubiri kofi. Hakunipiga.

"Kwa hiyo utumbo wako ni mzima, Mungu asifiwe," akasema. "Sasa rudi sebuleni, mwambie baba yako mbele ya hao hao kwamba wa kwake bado haujapimwa."