Siku Nilipong'arisha Taa za Jeep kwa Mawese

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha, ila subirini kwanza nifike kwenye vitenge, maana aibu yenyewe iko huko.

Wakati ule wa vita nilikuwa fundi wa rangi za magari pale mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, na bila kujisifu (haya, najisifu kidogo) hakukuwa na mkono mwepesi kama wangu mji mzima. Tatizo ni kwamba Apendeki, msichana niliyempenda mpaka chakula kikawa hakipiti, kwao ni Fizi, na watu wa kwao walikuwa wakisema binti yao hawezi kuolewa na mtu wa kupuliza rangi kwenye vumbi. Basi siku ya kwenda kujitambulisha ilipopangwa, nikasema watu hawa nitawaonyesha kazi yangu waione kwa macho yao. Rafiki yangu Wilondja akakubali kunipeleka na jeep yake, nami nikazipaka taa zake rangi nyeusi ya kopo, ile ya kupuliza, nyembamba nyembamba ili mwanga upite kidogo, kama nilivyoona kwenye gari moja lililotoka Bujumbura.

Rangi ilishika vizuri kabisa, ila ilikauka butu, imefubaa kama sufuria lililokaa motoni. Ili ing'ae inabidi uisugue kwa msasa laini wenye maji, halafu upulize verni juu yake, ile isiyo na rangi, na verni ilikuwa inaletwa na mashua, na mashua za mizigo hazikuwa zimefika tangu tuanze kusikia risasi upande wa rasi ya Ubwari. Mtu mwenye akili zake angekwenda na taa butu. Mimi nikaona chupa ya mawese dirishani.

Jamani, ziling'aa! Ungeweza kunyolea ndevu mbele yake.

"Asukulu," Wilondja akaniambia, "hii itakamata vumbi yote ya njia."

"Acha woga. Tutafunika na majani ya ndizi."

Na kweli tulizifunika, na tulipokaribia Fizi nikashuka, nikayatoa majani, nikapaka mawese mengine kwa kitambaa, nikapanda tena kifua mbele.

Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, mwanajeshi akazizunguka zile taa. "Taa nyeusi ni ya nini? Munatembeaka usiku?" Siku zile swali kama hilo halikuwa la mchezo, maana waliotembea usiku wameficha taa walidhaniwa waasi, nikamwambia ni urembo tu, chef, mkubwa wangu, tunaenda kuomba mke. Akapitisha kidole, akanusa, akalamba. "Iko mawese!" Alicheka mpaka akaegemea bunduki yake, akashusha kamba tupite. Hapo hapo ningezifuta, lakini nilikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu, nikajiambia kama hata askari amefurahi, wakwe je?

Tulipofika, wa kwanza kutoka alikuwa shangazi yake Apendeki, mama mmoja mpana mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Akainamia taa.

"Kijana, hii kungaa yote, ulipakala nini?"

"Verni ya Ulaya, Mama," nikajibu bila kupepesa macho. "Haitokake hata na mvua."

Sasa pale kwao mgeni wa posa akifika, bamama, akina mama wa ukoo, wanamwimbia na kumpangusa vumbi la safari kwa vitenge vyao, wanaanza na viatu, na kama amekuja na gari basi na gari nalo linapanguswa. Nilikuwa najua! Ndiyo maana nilipiga viatu rangi! Taa hazikunijia akilini hata kidogo. Wimbo ukapanda, bamama wakaizunguka jeep na vitenge vya sare, vipya, vyeupe vyenye maua ya buluu, wakapangusa kwa moyo wote, na shangazi aliyekuwa anatoka jasho akajifuta paji la uso kwa pembe ile ile aliyopangusia taa. Akageuka akiwa wa rangi ya chungwa.

"Gari inatoka mawese!" mama mmoja akapiga kelele, na wimbo ukafa.

Ningenyamaza! Badala yake nikachukua esanse ya Wilondja, petroli ya akiba ya jeep, nikalowesha kitambaa, nikakimbilia kusafisha taa, na esanse ikayeyusha rangi yangu yote, weusi ukatiririka kwenye bampa na kwenye suruali yangu ya sherehe. Majirani walikuwa wamejaa uani. Apendeki alisimama mlangoni ameziba mdomo, sikujua anacheka au analia, na nilitamani ardhi inimeze.

Shangazi hakucheka. "Mutoto yetu akigonjwa," akasema polepole, "utamupakala mawese angae, utuambie amepona?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Hapana, Mama. Verni ilikosa. Niliogopa kuja kwenu na taa butu."

Akakitazama kitenge chake, halafu akanitazama mimi. "Na huku nani iko na kitu inangaa? Baba yake Apendeki anavaa viatu ya kushona na waya. Ulifikiri tutakucheka juu ya taa?" Akashusha pumzi. "Ingia, baba yake anakungoja. Lakini hizi vitenge utafula weye mwenyewe."

Nilivifua baada ya mazungumzo, mtoni, mchana kweupe, watu wakitoka sokoni wanasimama kunitazama, bwana harusi mwenye suruali ya madoa meusi, na mawese hayakutoka, na mnajua hayatoki. Posa ilipokelewa.

Leo hakuna taa ninayoipaka ikakosa kung'aa, njooni mwone. Lakini mteja akija siku ambayo verni hakuna, namwambia hakuna, arudi siku nyingine. Nimeapa hivyo, kwa sababu nilibaki kidogo tu nimkose Apendeki, kwa kuona haya kukosa kitu ambacho Fizi nzima ilikuwa imekikosa.