Njia ya Jiwe la Asali, na Pande Nilizogeuza

Walikuja dukani kwangu, hapa mjini Kasongo, kijana mmoja na dada yake, kutoka Bukavu, wamebeba kamba za rangi mgongoni. Walikuwa wameambiwa sokoni kwamba mimi na marehemu ndugu yangu ndio tuliokuwa tukirina asali kwenye jiwe kubwa lililo njia ya Lusangi. Asali hawakuitaka. Walitaka kulipanda jiwe kutoka chini, wafike juu, kisha washuke. Basi.

Niliwaambia sitakwenda nao. Arobaini ya ndugu yangu ilikuwa imeshapita, lakini miguu yangu ilikuwa bado haiitaki njia ile.

"Si kitu, papa," dada akasema. "Utuandikie tu. Na wenzetu wakija watafuata karatasi yako."

Nikaandika kwenye kaye ya duka, daftari la hesabu, kwa mwandiko wangu wa shule ya msingi. Niliandika kwamba washike njia hiyo ya Lusangi kwa moto, pikipiki ya kukodi, na kwamba kwenye daraja la magogo washuke na kuisukuma, hata kama mwenye moto anajisifu. Wakifika kwenye mashamba ya mpunga waingie kwa miguu mkono wa jua linakotoka, na wabishe hodi kwa mama mwenye mashamba, kwa maana hakuna anayefika kwenye jiwe bila yeye kujua. Wasipande jua likiwa kali, nyuki huchokozeka. Wasipande mvua ikiwa imetoka kunyesha. Mwisho nikaandika: Jiwe lina nyufa mbili. Piteni ufa wa kushoto. Ule wa kulia mawe yake yanang'oka.

Wakaichukua karatasi, wakasema aksanti sana, na asubuhi ya kesho yake wakaondoka.

Asubuhi hiyo hiyo aliingia jirani yangu kununua sabuni. Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza, uchovu umenijaa kama kila siku tangu msiba, nikamwambia ajichukulie, sabuni iko kushoto. Akainama, akainuka na kiberiti mkononi.

"Kushoto kwako ao kwangu, papa? Mutu anakutana nawe uso kwa uso, unamupa kushoto ya nani?"

Alikuwa akitania. Mimi nilisimama.

Sisi warina asali hatupandi jiwe lile kutoka chini. Tunazunguka kwa msituni, tunatokea juu, tunafunga kamba kwenye mti, tunakaa ukingoni tukiangalia bonde, halafu mmoja anateremka. Pande zote tunazihesabu tukiwa tumekaa pale. Ufa wa kushoto, tangu tulipofundishwa na baba, ni ule ulio kushoto kwa mtu aliyekaa juu. Anayetoka chini, uso kwenye jiwe, ufa ule uko kuliani kwake. Nilikuwa nimewaandikia waingie kwenye mawe yanayong'oka.

Ndugu yangu alifia kwenye ufa huo mbovu. Nyuki walikuwa wamehamia huko, naye akawafuata. Kamba haikukatika, nilikuwa nimeishika mimi, na mpaka leo wapo wanaosema niliiachia. Lilitoka jiwe alilolishika juu ya kichwa chake. Nilimteremsha pole pole mpaka chini, sikujua kama namteremsha mtu aliye hai au maiti.

Nilifunga duka na kuchukua moto. Mwenye moto alitaka kuongea habari za barabara, nikamwomba aangalie tope. Kwenye daraja nilishuka, nikasukuma. Njia nzima niliona mikono ya yule dada ikishika pale pasiposhikika.

Nilipotokea kwenye mashamba ya mpunga niliwakuta wamekaa kwenye mkeka wa mama mwenye mashamba, wanakula ugali na sombe, majani ya muhogo. Kwake mgeni hapandi jiwe na njaa, maana mwenye njaa hutetemeka, na siku hiyo sombe ilikuwa imechelewa kuiva. Alikuwa anawasumbua kwa maswali.

"Asali hamutaki. Dhahabu haiko kule. Sasa munapanda kutafuta nini?"

"Kupanda tu, mama," kijana akajibu.

"Kumbe iko batu wanashiba sana huko Bukavu. Ongezeni sombe."

Akaniona. Akanisogezea nafasi kwenye mkeka. Nikawaambia vijana moja kwa moja: "Nilikosea. Nimewaandikia ufa mbaya. Pale ndipo alipofia ndugu yangu."

Kijana akatoa karatasi, akaitazama, halafu akalitazama jiwe. "Lakini papa, tukifika pale tungeona kama mawe ni mabovu."

"Yeye pia alikuwa na macho," nikasema.

Dada akanipa kalamu. Nilifuta mstari wa mwisho, nikaandika upya: Simama chini, uso kwenye jiwe. Pita ufa ulio upande wa mkono wako wa kulia. Akaniuliza kama niliwahi kuupanda mimi mwenyewe. Nikamjibu hapana, mimi nilikuwa wa juu, wa kushika kamba. Akasema niandike na hilo. Nikaandika: Mwandishi hajapita hapa kwa mikono yake.

Walinawa, wakafunga kamba zao, tukaenda wote mpaka chini ya jiwe. Nilishika ufa mzuri kwa kiganja, wauone, kisha nikaenda kusimama chini ya ule mwingine, ili mtu asiuelekee hata kwa kusahau. Nilisimama pale muda wote waliokuwa juu, bila kuinua kichwa, nikisikiliza tu. Mama mwenye mashamba alikuja akaniletea maji. Aliniambia nikae.

Nikamwambia nitakaa wakishuka.