Maji ya Baba

Nimechoka kuulizwa. Nimezeeka, magoti yananiuma, na bado mtu atatoka huko atokako, aniamkie vizuri, akae, anywe uji wangu, kisha aanze: "Bibi, eti ni kweli kaka yako alimpiga baba yenu?" Hapana, jamani. Hakumpiga baba. Alimpiga mpishi.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, na serikali ilishikilia jambo moja tu: tupunguze ng'ombe. Mnadani, punguzeni ng'ombe. Barazani, punguzeni ng'ombe. Sisi watu wa Mungaa tuliitikia "ndiyo, bwana", halafu tukaificha mifugo porini mpaka Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, apite. Walipoona maneno hayatuingii, wakaleta picha. Kaka yangu wakati huo alikuwa Itigi, anapakia nta na asali kwenye mabehewa. Mzungu mmoja wa kupiga picha za sinema alimkuta pale stesheni akimwigiza karani wa reli mbele ya wapagazi wenzake, watu hoi kwa kicheko. Akamchukua siku hiyohiyo.

Picha yenyewe ilikuwa ya ndugu wawili. Mmoja anauza ng'ombe kidogo, ananunua plau, ananawiri. Wa pili mkaidi, ng'ombe wake wamebaki mbavu tu, na baba yake anapomshauri, anamzaba kofi mzee wa watu mpaka anadondoka. Huyo mkaidi ndiye kaka yangu. Mzee alikuwa mpishi wa yule Mzungu, mtu wa Tabora, amepakwa majivu kichwani aonekane ana mvi. Kaka aliniambia kwamba mpishi mwenyewe ndiye aliyesema, "Piga sawasawa bwana, ipendeze."

Basi ikapendeza. Gari la sinema lilipofika kwetu, wakatundika shuka jeupe, tukakaa chini kijiji kizima. Picha zile hazikuwa na sauti. Kulikuwa na mtu wa kipaza sauti anayetueleza tunachokiona. Lakini hatukuhitaji kuelezwa. Tuliuona mdomo wa kaka ukisema "baba". Neno lile hata kiziwi angelisoma. Akasema "baba", kisha mkono ukaenda. Mama akajifunika uso kwa kanga. Baba yetu alikaa vilevile mpaka mwisho, akajikung'uta vumbi, akaenda nyumbani.

Na hapa ndipo wanaponiudhi hawa wanaokuja kuniuliza. Wanadhani tulikuwa washamba, hatukujua mchezo ni nini. Tulijua! Baba alisema kwa kinywa chake, "Najua ni mchezo, mimi si mtoto. Lakini alimwita baba, kisha akainua mkono." Kwetu mtoto aliyeinua mkono kwa mtu aliyemwita baba haingii zizini mwao tena, mpaka baba achukue maji yenye unga wa uwele, ayajaze mdomoni, na amtemee kichwani. Maji hayo ndiyo msamaha, ndiyo baraka. Bila hayo haoi kwa ng'ombe wa nyumbani, na baba akifa, yeye anasimama nje na majirani. Baba hakuwa na kinyongo. Alichotaka ni kaka aje apige magoti, basi.

Kaka hakutaka. "Niombe msamaha kwa kofi la mpishi?" aliniambia siku niliyomfuata Itigi. "Mpishi mwenyewe hana neno!" Nikamwambia, kaka, maji tu, utalowa kidogo utakauka. Akacheka. Lakini watu walikuwa wamemchosha, nilimwona. Mnadani wanawake walivuta watoto wao akipita. Vijana nao walimfuata nyuma wakimwomba awazabe kofi kama lile la kwenye picha. Aliapa hatasimama tena mbele ya mashine.

Akahamia nyuma yake. Alianza kwa kubeba masanduku, akajifunza kuiendesha, na yule Mzungu alipolazwa kwa homa, kaka akaimalizia picha iliyobaki, ikawa nzuri kuliko za mwenyewe. Wakamwita mwongozaji. Mama akauliza, "Anaongoza nini, ng'ombe au watu?" Na kusema kweli, aliwaongoza watu vibaya. Mama mmoja wa jirani alikuja kupigwa picha na gauni lake la kanisani, kaka akamwambia akavae gunia. Wazee waliovaa kanzu akawavua. "Wakubwa wanataka kijiji," alisema. Watu wakamnunia upya, safari hii kwa haki.

Ndipo akapata wazo lake. Atapiga picha ya mtoto mpotevu anayerudi, baba anamtemea maji mlangoni pa zizi. Na baba huyo atakuwa baba yetu. Akanituma mimi nikamwombe. Nilikwenda miguu mizito, nikijua nitafukuzwa. Baba alinisikiliza, akauliza, "Anataka nimtemee maji mbele ya watu wote?" Nikasema ndiyo, ndivyo alivyosema. Uso ukamfunguka mzee. "Mwambie aje."

Loo, na mimi nikafurahi! Nilisaga uwele mwenyewe.

Asubuhi ile baba alivaa kanzu safi na koti lake. Kaka akaja na mashine yake na vijana wake, akaamkia "shikamoo" kwa mbali, huku anapima jua. Akamwomba baba avue koti. Baba akavua. Akamwomba avue na kanzu, ajifunge shuka. Baba akavua na kanzu, mbele ya wakwe zake. Nilitaka kulia, lakini nikajisemea, acha, yatakwisha sasa hivi. Akapewa kibuyu, akajaza maji mdomoni, mashavu yakatuna. Akasubiri.

Aliyekuja kupiga magoti alikuwa kijana mmoja wa Itigi, simjui hata ukoo wake, amepakwa vumbi la kuigiza.

Nilimkimbilia kaka. "Piga magoti wewe!" Akasema bila kunitazama, "Na mashine itatazamwa na nani?" Alikuwa amefumba jicho moja, jingine liko kwenye tundu. Nadhani alifikiri yote yatatimia kwa mara moja, picha na baraka, kwa kuwa yupo palepale. Mtu mwenye akili namna ile!

Baba alikitazama kichwa cha yule kijana. Akainua macho, akaitazama mashine, akangoja. Alingoja sana, mashavu yametuna.

"Tema, baba!" kaka akapiga kelele. "Tema sasa!"

Kijiji kizima kilisikia. Baba akameza. Tuliona koo likipanda na kushuka. Akajifuta midomo, akaokota koti lake.

"Baba, tunarudia," kaka akasema.

"Mdomo wangu hauna maji mengine," baba akajibu, akaingia ndani.

Baba alifariki masika yaliyofuata. Kaka alikuja, akasimama nje ya zizi na majirani, wala hakubishana na mtu. Kazi yake nayo ilikuwa imeharibika. Wakubwa walisema anapoteza filamu, wakampa kuzunguka na gari la sinema na kusema kwenye kipaza sauti, kazi ya yeyote.

Wakubwa hao hawakuacha kipande chochote kipotee. Gari lilipokuja tena kwetu, lilileta picha kuhusu kuchemsha maji ya kunywa. Wanawake wanateka, sufuria inachemka, kaka anaeleza kwa sauti yake ile nzuri. Mara akatokea baba. Baba yetu, shuka begani, mashavu yametuna. Walikuwa wamekikata kipande kile na kukibandika pale, mzee anakunywa maji safi.

Sauti ya kaka ikakatika. Baba akaitazama mashine, yaani akatutazama sisi, kisha akameza. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma, mtu wa kijiji kingine asiyejua lolote, akapaza sauti: "Wewe wa kipaza sauti, mbona husemi? Mzee huyo anakunywa nini?"

Nikasikia kaka akivuta pumzi.

"Maji yangu," akasema. "Hayo ni maji yangu."