Hema Iliyotazama Mto

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi tumalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, kwenye ukingo wa mto Lualaba, chini kidogo ya Nyangwe, wakati Wabelgiji wangali wanatutawala.

Nilikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa Kasongo na madamu wake. Watu hao walikuwa na ugonjwa wa kupenda kulala porini. Nyumba ya matofali wanayo, vyandarua wanavyo, lakini likizo ikifika wanapakia kila kitu na kwenda kulala kando ya maji, eti kupumzika. Bwana alikuwa amejengewa kijumba cha mbao mgongoni mwa lori, chenye kitanda, dirisha na pazia. Humo walilala yeye na madamu. Mimi na shofere Ramazani tulikuwa na hema zetu ndogo za turubai.

Sasa sikiliza jambo moja, maana kisa chote kimekaa hapo. Kwetu, watu wa kando ya mto, mlango wa nyumba hautazami maji. Utazame barabara, utazame kilima, utazame hata choo cha jirani, lakini si maji. Aliyechukuliwa na mto asionekane, asizikwe, huwa anatafuta kwao. Akikuta mlango unamtazama, anajua ameitwa.

Na mimi mto ulikuwa umenichukulia mke. Mwayuma. Alikuwa anavuka na mihogo yake kwenda soko la Nyangwe, mtumbwi ukapinduka. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana tena. Aliniachia mtoto wetu Amisi, ambaye hata kutembea alikuwa hajajua vizuri, nikampeleka kwa mama yangu kule Kasongo. Hamu ya Mwayuma ilinila mpaka nikaona haya. Wewe umewahi kufungua sanduku kila jioni ili unuse kikwembe cha mtu, nguo yake ya kujifunga, kisha ulifunge haraka harufu isiishe?

Tulipofika kambini, bwana akaamuru hema zote zikae mstari mmoja na zitazame mto, madamu apate picha nzuri. Ramazani akaikunja ya kwake, akaamua kulala kwenye kiti cha lori.

"Yaya, geuza ile hema," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, kaka mkubwa. "Weye mwenyewe unajua. Mulango haitazamake mayi."

"Bwana amesema."

"Bwana hana mutu mu mayi. Weye uko naye."

Nikamtania kwamba ameanza uoga wa vikongwe. Lakini nikwambie ukweli, sikuwa ninamtii bwana. Nilikuwa ninatumaini.

Alfajiri nikaamka kuwasha moto wa kahawa. Ukungu ulikuwa umefunika mto wote. Kuni zilikuwa zimeshika umande, zinatoa moshi tu, basi nikaenda nyuma ya lori kutafuta zilizo kavu. Niliporudi nikamkuta mwanamke amechuchumaa mekoni, anapuliza moto kwa upande mmoja wa mdomo. Niamini, nilimjua papo hapo. Mwayuma alikuwa na jino la mbele lililovunjika, ndiyo maana alipuliza vile. Sijaona mwingine.

Kikwembe chake kilikuwa kile kile alichovukia, kinachuruzika maji. Moto ukawaka kwa nguvu, naye yuko karibu nao kabisa, lakini nguo ile haikutoa hata mvuke.

"Baba Amisi," akasema, "umekonda sana. Nani anakupikiaka?"

Ungefanya nini wewe? Ungekimbia? Mimi nilichuchumaa kando yake nikalia. Nikamwambia nimemtafuta vijiji vyote vya chini ya mto, nimeuliza kila mvuvi.

"Nilikuwa nakusikia," akasema. "Lakini milango yote ilinipa mugongo. Ni hii tu iliniangalia."

Akasimama, akaonyesha ukungu kwa mkono. "Mutumbwi iko pale. Twende."

Nikasimama na mimi. Sikudanganyi, nilikuwa ninakwenda. Furaha niliyokuwa nayo sijaipata tena. Ndipo akasema, kwa sauti ile ile ya upole:

"Tupitie kwanza kwa mutoto. Amisi iko wapi? Tuvuke wote watatu."

Hapo nikasita. Mimi nilikuwa tayari kujitoa. Amisi je, nani alimuuliza?

"Ngoja nichukue koti," nikamwambia.

Nikaingia hemani, nikafunga kamba zote za mlango. Halafu nikachukua kisu changu cha jikoni, nikapasua turubai upande wa nyuma, kutoka juu mpaka chini, nikatokea kwenye barabara. Basi mlango wa hema ukawa umetazama barabara, si maji.

Nikasikia viganja vinapapasa turubai.

"Baba Amisi, mulango iko wapi?"

Hakukasirika. Ilikuwa sauti ya mtu aliyerudi sokoni amechoka, akakuta kumefungwa. Akaizunguka hema akipapasa, akafika mpaka pale niliposimama. Macho yake yalipita juu yangu asinione. Ningenyoosha mkono ningemgusa. Niliuma kidole changu nisimwite jina, na alama unaiona hii hapa. Mwishowe akashuka majini, pole pole, akiuliza mlango.

Jua lilipotoka madamu akafungua dirisha lake. "Wapi ule mwanamuke ya jikoni?" akauliza kwa Kiswahili chake. "Mwambie akunywe kahawa." Bwana aligomba kwa ajili ya hema iliyopasuka, akataka kujua kama ni chui. Ramazani alikuja kwenye hema. Alitazama alama za viganja vya maji kwenye turubai, akakunja hema ile bila kunitazama usoni.

Nilimlea Amisi mbali na mto. Alipooa na kupata nyumba yake Kasongo, mimi nikarudi kuishi huku Nyangwe, na nyumba yangu imetazama barabara kama za wenzangu. Lakini asubuhi za ukungu ninasikia viganja kwenye ukuta wa nyuma, ule wa upande wa mto. Ninaweka kiganja changu kwa ndani, pale pale anapopapasa, mpaka aondoke. Nikitoka nje, ninakuta udongo umelowa.

Kwa hiyo wewe, ukienda kulala kando ya maji na una mtu humo, geuza mlango, hasa kama nyumbani una mtoto. Mimi sina tena mtoto nyumbani wa kuulizwa. Ukuta wangu ni wa udongo tu, na jembe ninalo. Siku utakayosikia mzee ametoboa mlango wa nyuma, tafadhali usinitafute.